Wakulima Wanane wa Kinole

Kanuni ya nne ya matumizi ya akili mnemba chuoni aliiandika Shakila mwenyewe, mwanafunzi wa mwaka wa tatu: mwanafunzi atakayewasilisha majibu ya mashine kana kwamba ni ya watu aliowahoji, atarudia mwaka. Kamati ya wanafunzi, naye akiwa mjumbe, ikaipitisha, ikaanza kukagua tafiti za mwaka wa tatu zilizofutwa majina.

Thobias, mjumbe mzaliwa wa Matombo, huko huko milima ya Uluguru, alisoma moja akacheka. "Jamani, mkulima wa Kinole eti shamba kapewa na baba yake! Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Huyu mzee kazaliwa kwenye kompyuta."

"Labda ni mhamiaji," alisema Faraja, mwenyekiti.

"Wote wanane waliosema hivyo, mwenyekiti?"

Shakila aliwatambua wakulima hao. Mvua ilipokata njia ya Kinole alikuwa amehoji kumi na wawili tu kati ya ishirini. Wanane waliobaki aliiachia mashine iwatunge. Mama yake kule Tabora alishashona gauni la mahafali. Shakila alisubiri aibu imshike, haikuja.

"Hiyo ni yangu," alisema.

"Acha utani, dada," alisema Thobias.

"Si utani."

Faraja alimsogezea fomu ya makosa bila kumtazama. Shakila aliijaza kwa mwandiko mzuri, kwenye nafasi ya kanuni iliyovunjwa akaandika ya nne, akatia sahihi.