Protini Inayoshika Kisha Inaachia

Darasa letu lote lilianguka kwenye swali moja, tena kwa jibu lile lile. Nikikumbuka, sijui nicheke au nilie. Nchi ilikuwa bado Zaïre, nami nilikuwa mwaka wa mwisho wa biolojia hapa Bukavu. Vitabu hatukuwa navyo. Profesa alisoma, sisi tuliandika, na aliyekosa somo alinakili daftari la mwenzake. Siku ya somo lile mvua ilinyesha vibaya, hatukufika ila mmoja tu, naye aliandika anavyojua yeye. Sote tukanakili kwake.

Swali lilikuwa hili: mnyororo wa protini mpya unapotoka kwenye ribosomu, ile mashine ndogo inayoutengeneza ndani ya chembe, kuna protini nyingine inayoudaka pale mlangoni. Kazi yake ni nini? Tukajibu kwa pamoja, kama sala, kwamba inaingia ndani ya ile mpya na kubaki humo. Profesa alirudisha karatasi bila kututukana, na hilo liliniuma zaidi.

Kwangu haikuwa mchezo. Kuanguka tena kwenye deuxième session, yaani mtihani wa marudio, ilikuwa kufukuzwa, nami nilikuwa mtoto pekee wa mjane wa mtaa wa Kadutu, mama aliyefuma matriko, yaani masweta, na kuyauza sokoni. Nikamfuata profesa ofisini. Alinieleza polepole, Mungu ambariki: mnyororo mpya una sehemu zinazokimbia maji, zikigusana na za mwenzake kabla haujajikunja, zinagandana na kazi imeharibika. Protini ile ina kishimo cha kushikia sehemu hizo. Inazificha, kisha inaachia, na mnyororo unajikunja wenyewe. Nikaitikia ndiyo profesa, ndiyo profesa, nikatoka bila kuelewa. Ifanye kazi yote hiyo, halafu isibaki na chochote? Kichwa changu kigumu kilikataa.

Nyumbani nilimkuta maman anafumua triko kuukuu ili apate uzi. Akaniita nimshikie. Nilinuna, nilikuwa na masomo, lakini kwa maman neno hapana halikuwepo. Nikanyoosha mikono, uzi ukawa unatoka na kujizungusha humo. Nikamwuliza, jeuri mimi, kwa nini asiuache tu uanguke chini. Akasema haya, tujaribu. Baada ya muda kidogo uzi ule ulikuwa umeshikamana na wa triko jingine lililofumuliwa pale chini, na mchana wote tukafungua mafundo, yeye akinicheka bila huruma.

"Mikono yako haiingiake mu triko," akasema. "Lakini bila mikono, triko hakuna."

Nikaketi. Kumbe ni hiyo tu! Nikamweleza pale pale habari yote ya ribosomu. Alisikiliza kwa heshima kubwa, halafu akaniambia nimalize mafundo.

Kwenye mtihani wa marudio swali lile lilirudi, safari hii kwa mdomo. Nilitaja kishimo, sehemu zinazokimbia maji, nguvu inayotumika katika kuachia, na mwishowe, kwa aibu, habari ya uzi. Profesa akauliza nani alinifundisha. Nikasema ni maman. Akaandika alama, na nilipita. Mpaka leo nawashukuru wote wawili, ingawa hawakuonana hata siku moja.

Haikupita muda, ikaja barua ya kazi: kufundisha sekondari kule Bunyakiri. Niliificha siku tatu. Nani angeteka maji, nani angekaa naye jioni? Nilikuwa tayari kuikataa, na niliona huo ndio utu. Siku ya nne nikapata moyo, nikaingia chumbani kumwambia. Godoro langu lilikuwa limeshafungwa kwa kamba, na sufuria yake nzuri, ile moja tu aliyokuwa nayo, iko juu yake.

"Barua niliiona. Nilijua utaenda," akasema. "Njo maana nilikushika."