Rangi ya Mwisho ya Ndege ya Babu

Usiku ule wa kuamkia arobaini ya Babu, ndege yake ilikuwa mezani kwangu, urefu wake kiganja na nusu, na mbele yake nilikuwa nimepanga mikebe mitatu ya vanishi ya kupuliza. Wa kwanza ulikuwa wa kung'aa kama gari jipya. Wa pili wa kung'aa kidogo. Wa tatu haung'ai kabisa. Ukiupuliza, rangi inabaki kavu kama ukuta wa udongo. Nilipaswa kuchagua mmoja kabla wageni hawajafika, na nilikuwa nimeshindwa kuchagua kwa miezi minne.

Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Mjomba aliniletea sanduku la vipande vya plastiki, nikajifunza kuviunga kwa kutazama video kwenye simu, huku nikijiunguza kwa gundi. Nilichagua ndege ya kivita kwa sababu Babu alikuwa fundi wa bati na rangi wa ndege kama ile, kambini, ujana wake wote. Nilitaka iwe sawasawa na ile aliyoihudumia. Kukaribia tu hakukunitosha. Mara tatu niliipaka, mara tatu nikaona punje ya vumbi au mng'ao wa uongo, nikaisugua kwa msasa mpaka nikaifikia plastiki. Na kila nilipoisugua, mistari myembamba inayoonyesha maungio ya bati ilizidi kuliwa. Kwenye bawa la kushoto ilikuwa imebaki kama unywele. Nikiisugua mara ya nne, ningebaki na kipande cha plastiki chenye umbo la ndege, basi.

Jioni Bibi alipita na ungo wa mchele aliokuwa akiuchambua, akasimama mlangoni. Kwa kuwa Babu alikuwa akiniita mke wangu, Bibi naye alinifanya mke mwenza.

"Mke mwenzangu, hiyo ni ndege au bibi harusi? Kila siku unaisinga liwa, na harusi yenyewe haifiki."

"Kesho, Bibi. Wazee wenzake Babu wa kambini wataiona."

"Hao wazee macho yao yamekwisha. Wewe lala."

Kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kumwambia, wala yeye wala mtu mwingine. Wiki ya mwisho ya uhai wake, Babu alininyooshea mikono kitandani akasema, "Mke wangu, nipe niishike." Nikamwambia rangi ya ndege haijakauka. Ilikuwa imekauka siku tatu nyuma. Niliogopa vidole vyake, maana Bibi alikuwa akimchua kwa mafuta ya nazi, na niliiona alama ya dole gumba lake kwenye rangi yangu hata kabla hajaigusa. Kesho yake aliomba tena, nikajibu vilevile. Siku ya tatu hakuomba.

Niliinua mkebe wa kwanza, nikauweka. Nikainua wa pili. Sijui nilipitiwa na usingizi saa ngapi.

Nilikuwa ndani ya banda kubwa la bati, mchana, na mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Ndege yangu ilikuwa imekua. Nilikuwa juu ya ngazi ndefu kando yake, mkebe mkononi, na bawa lake lilienea mbele yangu mpaka likapotea kwenye mwanga. Chini ya bawa yalikuwa yamepangwa madawati ya mtihani wetu wa darasa la saba, na juu ya kila dawati karatasi yenye jina langu, tupu. Halikunishangaza hilo. Kilichonitia hofu ni kwamba injini ilikuwa inawaka, na kwenye kiti cha rubani kulikuwa na mtu mwenye kofia ngumu, ametazama mbele, hageuki.

Natazama chini. Babu ameishika ngazi. Amevaa ovaroli yake ya kazini, na miguuni ana kandambili za hospitali.

"Rubani amekaa," anasema.

"Babu, bado sijachagua."

"Rubani amekaa, mke wangu."

Nautikisa mkebe. Ule mdundo wa gololi ndani yake unazidi kelele za injini. Nikipuliza unaong'aa, na ukawa si wenyewe? Nikipuliza mkavu, wazee wakasema mjukuu wake kaiacha imepauka? Kidole changu kiko juu ya kitufe na hakishuki. Ndege inaanza kusogea. Inasogea polepole sana, kama mlango unaosukumwa na mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala, na ngazi inasogea nayo, na mimi siwezi kushuka wala kupaka. Natazama mkono wangu. Msasa umo mkononi, sijui umetoka wapi, na naanza kulisugua bawa. Rangi inatoka. Bati nalo linatoka, jepesi kama ganda la kitunguu. Kupitia tundu ninalolitoboa naona miguu ya rubani.

"Acha."

Babu yuko juu ya ngazi pamoja nami. Sikumwona akipanda. Ngazi sasa ina vyuma vya kitanda chake cha ugonjwa, na sisi wawili tumeketi juu yake kama tulivyokuwa tukiketi jioni. Anaupitisha mkono wake juu ya bawa, taratibu, hanitazami.

"Ile siku ilikuwa imekauka," anasema.

Injini inanyamaza.

Nataka kusema kwamba hapana, kwamba upande wa chini ulikuwa bado mbichi, kwamba ilikuwa msimu wa mvua. Uongo wote uko tayari mdomoni, umepangwa vizuri. Lakini kinachotoka ni, "Ndiyo, Babu."

"Nilijua. Rangi mbichi inanuka."

Nasubiri akasirike. Nakaza shingo kama mtu anayesubiri kofi. Yeye anaushika mkono wangu na kuuvuta mpaka ubavuni mwa ndege, na sasa naiona vizuri kwa mara ya kwanza. Kijani chote ni kikavu, kimefifia, hakirudishi hata chembe ya jua.

"Inayong'aa inaonekana mbali," anasema. "Inayoonekana mbali hairudi."

Lakini hapa na pale pana mng'ao. Pembeni mwa mlango wa rubani. Kwenye kifuniko cha mafuta. Kwenye mzizi wa bawa, pale mafundi walipokuwa wakikanyaga na kujishikiza. Rangi imekolea, nyororo, kama mpini wa jembe la zamani.

"Na huu, Babu? Huu mng'ao ni wa nini?"

"Huo ni sisi."

Ananiachia mkono. Rubani anainua dole gumba bila kugeuka, na injini inawaka tena. Babu anashuka ngazi, na kila kidaraja anachoshuka kinapotea. Kutoka chini ananiambia kwa sauti yake ileile ya kuagiza chai:

"Wazee wangu wakija, wape waishike. Wakiisha kula pilau. Kabla hawajanawa."

"Babu! Mafuta!"

Anacheka. Halafu hakuna ngazi.

Niliamka shavu langu likiwa limegandana na meza, na adhana ya alfajiri ikimalizikia. Ndege ilikuwa palepale, safi, haina alama ya mtu yeyote. Niliitazama nikaona haya. Sikuchukua msasa. Nilichukua mkebe wa tatu, nikaitoa ndege uani, nikaipuliza mara mbili. Mng'ao ulikufa mbele ya macho yangu.

Bibi ana sheria yake: aliyetembelewa na marehemu usingizini amsimulie mtu mzima kabla hajanawa uso. Nilimkuta nyuma ya nyumba na kina shangazi, tayari wamebandika masufuria makubwa, vitunguu vinalia kwenye mafuta. Nilimvuta pembeni nikamweleza yote, tangu ngazi mpaka madawati. Na lile la kitandani nikalisema. Kwamba aliomba mara mbili, na ilikuwa imekauka.

Bibi aliendelea kushika mwiko. Moshi ulikuwa ukimwingia machoni, au nilitaka uwe moshi.

"Alisema kabla hawajanawa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na akacheka?"

"Akacheka."

"Ni yeye huyo. Hajaacha ushenzi wake." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akanitazama kidogo, kisha akageuka na kupaza sauti kwa shangazi mkubwa, aliyepewa kazi ya kuwanawisha wageni.

"Mwanaisha! Leo wazee wakimaliza kula, birika na beseni visitoke mpaka niseme mimi!"