Wiki Tatu za Kufunga Sanduku

Habari kwamba nimepata nafasi chuoni ilinikuta nikimnyoa baba ndevu. Tulikuwa nyuma ya nyumba yetu, Walukuba, Jinja. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, taulo shingoni, nami nimeshika wembe. Simu ikalia dirishani. Siku hizo mlio wa simu ulimtia baba wasiwasi, alitaka kusimama kila ilipolia, kwa hiyo nikaipokea haraka kwa mkono wenye povu. Alikuwa msichana niliyesoma naye sekondari. Hakunisalimia.

"Jina lako limetoka! Uuguzi, Mbale! Na serikali ndiyo itakulipia!"

Nilimwambia nitampigia baadaye. Nikarudi kwenye shavu la baba, upande wa kushoto, uliokuwa bado na povu.

"Baba, nimepata chuo. Nitakwenda Mbale kusomea uuguzi."

Akafikiri. "Mbale kuna baridi asubuhi," akasema. "Chukua koti."

Nilifurahi siku nzima kwa neno hilo la koti, kwa sababu lilikuwa neno la baba kwa mtoto wake. Jioni aliniuliza mimi ni nani na nani ameniruhusu kuingia jikoni.

Baba alikuwa askari wa magereza, akastaafu akiwa sajini. Alizaliwa ng'ambo ya Nile, kaskazini, na mama alikuwa Mmasaba wa Malukhu. Walikutana miaka ambayo baba alipangiwa kazi Mbale. Yeye hakujua Kimasaba, mama hakujua lugha ya kwao baba, basi wakapatana kwa Kiswahili, na Kiswahili ndicho tulichokulia mimi na dada yangu. Watoto wa jirani walitucheka, wakisema nyumbani kwetu tunaongea kama askari kambini. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili. Baada ya hapo baba akaanza kupoteza vitu: kwanza funguo, halafu majina ya siku, halafu njia ya kurudi nyumbani kutoka msikitini, ambako hakuwa hata akisali, alikwenda kukaa barazani na wazee wa Kinubi aliofanya nao kazi zamani. Nilipomaliza mtihani wa kidato cha sita, sikutafuta kibarua kama wenzangu. Nilikaa na baba. Mwaka mzima nilimwogesha, nikamlisha, nikamfungia mlango ili asipotee.

Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka minane, alikuwa fundi cherehani na alikuwa na kibanda chake sokoni. Alipofika jioni ile nikamweleza, alinikumbatia, kisha akakaa chini bila kuvua viatu.

"Utakwenda," akasema.

"Na baba?"

"Nitahamishia cherehani hapa kwenye baraza. Wateja wanaonipenda watanifuata."

"Na wasiokufuata?"

"Mdogo wangu, mwaka mzima umekuwa zamuni. Niachie na mimi."

Nilijua anachoacha. Alikuwa amekipigania kibanda kile, na wateja wa sokoni hawatembei hadi Walukuba kupima gauni. Nilipaswa kumkatalia angalau mara moja, kwa adabu tu. Sikumkatalia.

Tukapewa wiki tatu za kujitayarisha. Chuo kilituma orodha ndefu: vyeti halisi, picha ndogo sita, fomu ya daktari, barua ya mwenyekiti wa mtaa, fomu ya mzazi. Halafu vitu vya kubeba: mashuka mawili meupe, viatu vyeusi vya kufunga kamba, beseni, na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Mwenyekiti wa mtaa alinipigia muhuri, akaniambia, "Soma uje umtibu mzee." Kila mtu aliniambia hivyo. Mama muuza samaki, jirani wa chumba cha mwisho, hata yule fundi wa picha. Niliitikia nikicheka. Hakuna aliyeniuliza ni nani atakayemhudumia mzee huyo wakati mimi nasomea kuhudumia watu.

Saa nilinunuliwa na dada. Mchana mmoja nilimshika baba kiganja, nikaweka vidole viwili chini ya dole gumba kama nilivyoona wauguzi wakifanya, nikahesabu mapigo nikitazama ule mshale. Baba alitulia kabisa. Nilipofika sabini na mbili nikamwachia, naye akabaki amenyoosha mkono, akisubiri niendelee. Nikahesabu tena.

Fomu ya mzazi ilikuwa kurasa mbili. Dada alisema atasaini yeye, kwa kuwa baba hawezi, lakini nilikataa. Nilitaka jina la baba liwe pale. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu yeyote aliyenifundisha. Miaka yote aliandika ripoti za gereza kwa herufi zilizosimama wima kama gwaride. Nikachagua asubuhi, maana asubuhi akili yake ilikuwa na mwanga zaidi. Nikasafisha meza, nikampa kalamu, nikamwonyesha mahali.

Akavaa miwani. Jina lake aliliandika bila kusita. Cheo chake akakiandika. Hata namba yake ya kazi, tarakimu zote, ilitoka kalamuni kana kwamba ameitiwa ukaguzi jana. Moyo wangu ulijaa. Kisha akashuka kwenye mstari wa jina la mwanafunzi, akaandika, taratibu, kwa herufi zile zile nzuri, jina la mama yangu. Jina lake lote, pamoja na lile la ukoo alilokuwa nalo kabla ya kuolewa. Na pale palipoulizwa huyu ni nani kwako, akaandika: mke.

Sijui ni kitu gani kilinipanda. Nafikiri ni uchovu wa mwaka mzima. Niliinyakua ile karatasi, nikaichana mbele ya uso wake, mara mbili, mara tatu.

"Mimi ni nani?" nikapiga kelele. "Baba, niambie, mimi ni nani?"

Aliniangalia. Akaweka kalamu chini sambamba na ukingo wa meza, akasimama, akabana visigino, mikono ikashuka ubavuni.

"Samahani, afande," akasema. "Hiyo ni kosa yangu."

Nilimwomba akae. Hakukaa mpaka nilipomwamuru, kwa sauti ya amri, na hapo akakaa. Nikaenda mjini kuchapisha fomu nyingine, na jioni dada aliisaini bila kuniuliza ya kwanza imekwenda wapi.

Sanduku lilikuwa la bati, jeusi, la baba mwenyewe tangu ujana wake kazini. Kila nilipolipanga, yeye alilipangua. Nilitoka kufua, nikirudi namkuta kapiga magoti kwenye mkeka, vitu vyangu vimewekwa kwa mistari, naye anahesabu kwa sauti.

"Shuka, mbili. Viatu, pea moja. Beseni, moja. Sabuni, tatu. Ni kweli hii yote ni yako?"

Siku za kwanza nilikasirika, nikamwondoa, nikapanga upya. Dada ndiye aliyenifumbua macho. Alisimamisha cherehani, ambayo tayari ilikuwa barazani, akasema, "Hujui anafanya nini? Ndivyo wanavyomrudishia mfungwa vitu vyake siku ya kutoka. Wanahesabu mbele yake, halafu anaweka dole gumba."

Baada ya kujua hilo nilimwacha ahesabu. Niliitikia, "Ndiyo, ni vyangu," na ilimtuliza sana. Baadaye nilipanga tena peke yangu.

Asubuhi ya kuondoka, kijana wa bodaboda alikuwa nje, na dada alikuwa amenichemshia mayai ya njiani. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilitaka kupiga magoti mbele ya baba kama mama alivyotufundisha, nimwombe baraka, na niombe msamaha wa ile fomu. Nilimkuta kwenye mlango wa mbele, amevaa shati lililopigwa pasi, nadhani na dada, na amesimama wima. Sanduku lilikuwa miguuni pake.

"Umehesabu vitu yako?" akauliza.

"Nimehesabu."

"Iko sawa?"

"Iko sawa, baba."

Akanipa mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chenye nguvu.

"Basi, sasa umemaliza. Wewe ulikaa vizuri, hukusumbua mtu. Enda nyumbani kwa watu yako. Lakini mimi sitaki kukuona hapa tena. Umesikia? Usirudi hapa."

Nyuma ya mlango nilisikia dada akipenga kamasi. Nikasema, "Ndiyo, afande," naye akasogea kando, akanifungulia mlango kwa upana wake wote.

Nilipofika barabarani nilihisi mwili wangu mwepesi. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nililia, na huku nikilia nilijua kwamba baba amesema kweli kuliko alivyojua, kwamba mwaka ule wote, nilipokuwa nikigeuza ufunguo mlangoni ili asitoke, nilihisi nimejifungia mimi.

Mbale nilifikia kwa mama mdogo, Malukhu. Alinipikia malewa kwa karanga, akinitazama nikila machipukizi yale ya mianzi ambayo mama alikuwa akiyaagiza kutoka kwao kila Krismasi. Aliniuliza juu ya baba, nikamweleza, lakini si yote. Nilipoinuka kupeleka sahani, akaguna.

"Nini, mama?"

"Hakuna. Unatembea kama yeye. Ulivyoinuka hapo, nikadhani dada yangu ameamka."

Nikasimama na sahani yangu. Nikaiona ile fomu, mwandiko ule mzuri, na mikono yangu ikiichana.

Kesho yake alinisindikiza kujiandikisha, akabaki nje kwenye kivuli. Ndani kulikuwa na foleni ya wenzangu waliokuja na baba zao, wanaume waliovaa makoti ya harusi kwenye joto lile, wakishika bahasha za watoto wao kwa mikono miwili. Karani alikuwa mama wa makamo, mwenye upole. Akaifungua fomu yangu.

"Huyu aliyesaini ni nani?"

"Ni dada yangu."

"Wazazi wako wapi?"

"Mama alifariki."

"Na baba?"

Ningeweza kusema mgonjwa. Ningeweza kusema yuko Jinja. Lakini watu walikuwa nyuma yangu, na niliona nikisema mgonjwa ataniuliza anaumwa nini, nami nitaanza kulia mbele ya makoti yale.

"Baba hayupo," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika neno moja kwenye nafasi ya baba. Nililisoma kichwa chini: marehemu. Aliinua muhuri, akagonga. Sikumsahihisha. Akaniambia, "Pole, mwanangu. Karibu chuoni."

Niliondoka na kadi yangu, na mama mdogo akaishika juani, akaisifu picha.

Mwanzoni nilipiga simu kila siku. Dada alimwekea baba simu sikioni, naye alisikiliza, kisha akamrudishia. Halafu masomo yakazidi, nikapiga Jumapili. Likizo ya kwanza nilikwenda Jinja, naye akanipokea kama mgeni wa heshima, akanipa kiti, akamwambia dada alete soda. Hakuniuliza jina. Niliona cherehani barazani imefunikwa kwa kanga, na kitambaa cha mteja mmoja tu kimening'inia.

Baba alifariki muhula wa pili, msimu wa mvua. Nilikuwa wodini asubuhi, siku zangu za kwanza za mazoezi, nikimpima homa mzee wa watu. Tulimzika kwao kaskazini, kwa ndugu ambao wengi wao sikuwajua, na maafande wazee watatu walikuja kutoka mbali wakampigia saluti.

Baada ya mazishi, mimi na dada tulikaa nyuma ya jiko tukichambua maharagwe ya wageni. Alikuwa amekonda. Akasema ghafla, macho yake yakiwa kwenye ungo:

"Tangu ulipoondoka, kila siku saa kumi, nikimpa chai, alikuwa hanywi kwanza. Ananiuliza, 'Amefika?' Nikimwuliza nani, hajui. 'Yule msichana. Amefika?' Namwambia amefika salama. Ndipo anakunywa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mpaka wiki ya mwisho."

Niliacha kuchambua. "Mbona hukuniambia?"

"Ungerudi," akasema.

Akaendelea na maharagwe yake. Nami sikumwambia kwamba sina hakika kama ningerudi.