Bibi Arusi Aliyelazwa Akitazama Ukuta

"Betri nimenunua mpya," mwanangu alikuwa akisema, "plagi za kupasha injini moto wakati wa baridi tumebadilisha, na gari bado linachukua karne kuwaka. Unatafuta nini tena huko, Spana? Mwenye bekari akifika leo tumwambie wenyewe kwamba tumeshindwa. Afadhali kuacha kuliko kuachishwa."

"Sema umeshindwa wewe," mkewe akamjibu kutoka chini ya gari. "Mimi bado nipo huku."

Ilionekana miguu yake tu. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni pa jiko namenya viazi, na nilimenya polepole makusudi, maana ugomvi wa watu wanaopendana ni burudani isiyo na kiingilio.

Spana ni mkamwanangu. Jina hilo nilimpa mimi siku alipoletwa hapa, kwa sababu wenzake huja na masanduku ya mashuka, yeye alikuja na sufuria moja na spana za marehemu baba yake, dereva wa lori, zimefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Mwanangu ni fundi cherehani. Basi nyumba yangu ikawa na mwanamume anayenukia nguo mpya na mwanamke anayenukia dizeli. Majirani walicheka mpaka wakachoka, halafu wakaanza kumletea baiskeli zao.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia unga kule bekari. Asubuhi moja dereva hakutokea, mikate inapoa, mwenye bekari anazunguka kama kuku aliyepoteza kifaranga. Spana akaegemeza ufagio ukutani, akaomba ufunguo wa gari la mikate. Tangu siku hiyo hakuushika tena ule ufagio. Baadaye yeye na mumewe wakajibana wakapata pikapu yao, kuukuu lakini yao, na kila alfajiri anapeleka mikate madukani kabla watu hawajafumbua macho.

Yaani alikuwa akipeleka. Siku hizo mikate ilifika watu wameshakunywa chai kavu na wameshanuna.

Gari hilo tunaliita Bibi Arusi, kwa sababu halitoki ndani mpaka libembelezwe. Spana akizungusha ufunguo, injini inazunguka vizuri, kwa nguvu, lakini haishiki. Inazunguka, inakohoa, inatema moshi, inanyamaza, na kazi inaanza upya. Kuna siku moshi ulikuwa mzito hata kuku wangu wakarudi bandani kulala, na jogoo akalazimika kuwika mara ya pili. Mwanangu anasema huo ni uongo. Angeona wapi? Alikuwa ndani ya moshi.

Wenye maduka wakalalamika, na mwenye bekari akatuma salamu kwamba angekuja mwenyewe. Mama yule haendi nyumbani kwa mtu ila kufuata trei zake za mikate, yaani kumwachisha kazi. Trei tulikuwa tumeshazisafisha na kuzipanga karibu na geti, na kila aliyepita pale alitazama pembeni.

Sasa, mwanangu ana akili, ila huwa inatangulia mbele yake. Gari lilipoanza kusumbua kidogo, akanunua betri. Betri ikiwa mpya, akaogopa wezi. Kwa hiyo kila jioni akawa analiegesha yeye mwenyewe, pua imebanwa kwenye ukuta wa jiko, boneti isifunguke hata kwa jini. Uwanja wetu umeinama kama paa: geti liko chini, jiko liko juu. Gari likawa linalala limeinua uso kama mtu anayesubiri mvua. Na usumbufu ukazidi, akasema aliyemuuzia betri kamtapeli.

"Siku ile ulipolala kwa dada yako," nikamwambia mwanangu, "Spana aliliingiza kinyumenyume, likalala linatazama geti. Asubuhi liliwaka kabla sijamaliza kupiga chafya."

Mwanangu akacheka, akaniuliza kama kuku nao walipiga chafya. Simlaumu. Nimewasimulia jinsi nilivyosukuma lori kwa nyonga moja likavuka mto, na ni kweli mto huo hupanuka kila ninapousimulia. Lakini chafya nilipiga.

Ile miguu ikatulia. Spana akajitoa chini ya gari, uso una doa jeusi shavuni.

"Mama, kuwaka haraka nakumbuka, ila kwamba ilikuwa asubuhi hiyo, ni ya kweli au ni ya lori?"

"Ya kweli. Naapa kwa meno yangu."

"Una meno mangapi, Mama?"

"Ya kutosha kuapia."

Hakucheka. Akasimama akilitazama gari kuanzia mkiani hadi puani, halafu akamwambia mumewe afikirie mrija wa soda. Ukiziba juu kwa kidole, soda haishuki. Ukiachia kidole, inashuka yote. Tangi liko nyuma, injini iko mbele, na gari linalala limeinua pua. Kama kuna mahali hewa inaingia kwenye mpira unaopeleka dizeli kwenye injini, usiku kucha dizeli inarudi zake tangini, na asubuhi injini inazunguka inavuta upepo. Akasema ndiyo maana likisimama sana linagoma hata jua likiwa kali, kwa hiyo baridi haihusiki. Betri nayo haijawahi kukosa nguvu.

Akalegeza breki, gari likashuka kidogo kutoka ukutani, akafungua boneti. Juu ya filta, lile chujio la dizeli, kuna pampu ndogo ya mkono ya kuvutia dizeli. Akamwambia mumewe abonyeze. Mwanangu akabonyeza, kidole kikazama kama kwenye mto wa pamba, maana ndani mlikuwa na hewa tupu. Akabonyeza tena na tena, mpaka dizeli ikaijaza, ikawa ngumu ikakataa. Spana akazungusha ufunguo, na injini ikashika palepale.

Nilipiga chafya tu.

Ikabaki kupata tundu. Alizima gari, akaomba kipande cha kitambaa cheupe, na mwanangu akakitoa kwa uchungu wa mtu anayetoa damu. Spana akakipitisha taratibu kwenye mpira wote. Kilitoka na vumbi tu, ila karibu na filta, chini ya kibanio cha chuma, kikatoka na unyevu wa dizeli. Hapo mpira ulikuwa umepasuka kama kisigino changu. Akachukua kisu changu cha viazi bila hata kuomba, akakata ncha iliyooza, akausukuma mpira mahali pake, akaukaza kwa kibanio kipya. Akabonyeza pampu mpaka ikawa ngumu, akaliwasha, na akalirudisha palepale, pua ukutani. Akazima.

"Sasa liache lilale," akasema.

Tulikula viazi, nguo zikakauka kwenye kamba, na mwanangu akawa anazunguka gari kama paka anayezunguka samaki. Akataka wajaribu. Spana akakataa, akasema kulijaribu mapema ni kujidanganya, liachwe lisimame mpaka mwenye bekari afike.

"Na likigoma mbele yake?"

"Likigoma, trei zile pale."

Mwanangu akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Sauti yake ikashuka. "Mimi sioni aibu kwa gari, mke wangu. Sitaki tu kukuona umerudishiwa ule ufagio."

Spana akamfuta vumbi begani kwa mkono wenye mafuta, akamharibia shati alilolishona mwenyewe. "Fundi," akasema, "mimi hata wakinirudisha kwenye unga, nita—"

Geti likalia. Mwenye bekari akaingia, mkoba kwapani, macho yakaenda moja kwa moja kwenye trei zake. Akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Spana alikuwa ameshaingia garini. Akazungusha ufunguo, na Bibi Arusi akaitika mara moja, kwa sauti nene iliyojaa uwanja mzima, hata mwenye bekari ikabidi afunge kinywa chake asubiri.

Na kuku wangu hawakugeuza hata shingo.