Makoti Niliyoyatia Bluu

Mnicheke tu, mimi nimeshalia vya kutosha. Nafanya usafi kwenye maabara moja ya madini hapa Geita. Juzi tulitarajia wageni, nikafua makoti meupe yote. Kando ya sinki nikakuta kichupa cha unga wa bluu. Kichwa changu kibovu kikaniambia ni bluu ya kufulia, nikaumimina wote kwenye beseni. Asubuhi makoti yalikuwa na mabaka ya kutu, na bluu imeganda kwenye mishono.

Dokta, mkemia wetu, akaingia na wageni. "Mama Masanja, feroseniamu yangu iko wapi? Ile chumvi ya chuma ya kuoksidishia. Nimeiagiza ng'ambo, sina nyingine."

"Sijaiona, Dokta."

Akavaa koti lake bila kulitazama, huku akipekua makabati. Mgeni mmoja, mkemia mwenzake, akaushika mshono wa bega, akautazama sana.

"Dokta," akasema kwa upole, "nadhani umeivaa."