Mchanganya Rangi na Jicho Lake la Kushoto

Dada mchanganya rangi ninayenunua kwake hukisokota kijiti cha kukorogea kati ya viganja viwili, maana vidole vyake vimevimba na havikunjiki. Akishakoroga hupaka tone kwenye ukucha wa kidole gumba, akatoka nalo mlangoni kwenye mwanga, akalilinganisha na kipande cha ukuta alicholeta mteja. Bei hapunguzi, nimejaribu mpaka nimechoka. Siku hizi huutazama ukucha kwa jicho moja, halafu kwa jingine. Jana nikamuuliza kulikoni.

"Kaka, kinga ya mwili wangu ndiyo inayonitafuna viungo. Nikapewa vidonge vya kuilaza. Imelala, na kimelea kilichojificha ndani ya jicho la kushoto kimeamka. Askari wakiamka wananipiga mimi, wakilala mwizi anaingia. Sasa niwafanyeje?"

"Daktari anasemaje?"

"Nimeze dawa ya kimelea, na vile vya zamani nisiviache ghafla. Jicho huenda likapona, huenda lisipone."

Katika biashara yoyote mimi hujua upesi nani anapata na nani anapoteza. Hii nimeigeuza huku na huku, bado sijaielewa. Akaziba jicho la kulia, akaitazama ukuchani rangi ya kupaka duka langu. "Hapa kijivu." Akaziba la kushoto. "Hapa krimu."

"Sasa mimi naondoka na ipi, dada? Usiniharibie duka."

Akacheka, akaligongelea kopo kifuniko kwa kiganja. "Wewe chukua krimu. Hiyo kijivu ni yangu."