Masikio ya Jumatatu

Niliporudi chuo kikuu kusomea shahada ya pili ya famasia, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa nikinunua masikio ya nguruwe kila Jumatatu asubuhi. Nalisema hili mapema kwa sababu kwetu ndilo wanalolikumbuka. Shahada yenyewe wengi wameisahau.

Nilikuwa natengeneza dawa ya kupaka ya maumivu. Dawa haikuwa mpya. Ni ileile ambayo watu humeza kama tembe kisha wakashinda wameshika tumbo. Kipya kilikuwa kuifunga ndani ya chembe za mafuta, ndogo mno hata hadubini ya maabara yetu haikuweza kuzionyesha. Tulikuwa tunaamini tu kwamba ziko. Chembe hizo zilitarajiwa kupenya ngozi na kuifikisha dawa panapouma, bila kupitia tumboni.

Kabla ya kumpaka mtu yeyote, ilibidi nijaribu kwenye ngozi ya mnyama, na ngozi ya sikio la nguruwe inafanana na yetu kuliko wengi wangependa kusikia. Tatizo ni kwamba nguruwe akishachinjwa hutumbukizwa kwenye maji ya moto ili manyoya yatoke, na maji hayo huilegeza tabaka ya juu kabisa ya ngozi. Tabaka hiyo ndiyo ukuta wenyewe. Ikitoka, unachokijaribu si ngozi tena. Ni kama umefungua mlango halafu ukajisifu kwamba umeweza kuingia.

Machinjio makubwa ya Nairobi hayakuwa na subira na mtu anayetaka masikio mawili mawili kabla ya maji ya moto. Kwa hiyo nilimtafuta mchinjaji mdogo nje kidogo ya mji wa Machakos, mtu mnene, mpole, aliyefunga aproni nyeupe kuliko koti langu la maabara.

“Masikio tu?” aliniuliza siku ya kwanza.

“Masikio tu.”

“Ya supu?”

“Ya kusomea.”

Alinitazama kwa huruma. “Madam, mimi nimeuza nguruwe miaka mingi. Hakuna mtu amewahi kuniambia anasomea masikio.”

Nilimweleza kwamba ayakate kabla ya maji ya moto. Akasema, “Hakuna shida, nimeshika,” na wiki tatu za kwanza alinipa masikio yenye manyoya na matope, nikayaweka kwenye kisanduku cha barafu na kwenda nayo Nairobi. Maabarani niliisafisha ngozi, nikaibana katikati ya chupa mbili za kioo: juu dawa, chini maji ya chumvi. Kila saa nilivuta maji kidogo ya chini nikapima kama kuna dawa iliyofika. Haikuwa imefika. Au ilifika kidogo sana, kiasi cha kumfanya msimamizi wangu avue miwani na kuipangusa.

Wiki ya nne, dawa ilipita.

Ilipita kwa wingi, kwa haraka, kila saa zaidi. Nilirudia Jumatatu iliyofuata, ikapita tena. Msimamizi wangu, ambaye hakuwa na desturi ya kukaa kwenye maabara ya wanafunzi, alivuta kiti akakaa. Alichora mchoro wa matokeo yetu kwa mkono wake mwenyewe kwenye karatasi ya plastiki ya projekta, na akaomba nafasi ya kuuwasilisha mbele ya wahadhiri wenzake.

Mwisho wa wiki hiyo nilienda nyumbani Wamunyu nikiwa mtu mwingine. Baba yangu alikuwa mchongaji. Alikuwa amechonga twiga na vifaru tangu kabla sijazaliwa, na bega lake la kulia lilikuwa limechoka kabla yake. Tembe za maumivu zilimchoma tumbo. Nilimkuta karakanani, nikamweleza habari ya chembe zangu, na nikatumia maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Alisikiliza huku akipiga msasa shingo ya twiga. Kisha akauliza, “Na hiyo mafuta inajuaje ni bega inauma, si kiwiko?”

“Haijui, baba. Wewe ndiye unaipaka begani.”

“Kwa hivyo mwenye akili ni mimi.”

“Lakini chembe ndizo zinaingia.”

Akanionyesha mikono yake, yenye vipele vilivyotokana na vumbi la mpingo. “Hii vumbi nayo iliingia miaka mingi, na hakuna mtu aliipatia digrii.”

Nilimsahihisha. Nilimwambia kwamba vumbi haliingii. Jasho ndilo huyeyusha sumu iliyomo na kuiacha ngozini. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayewasilisha mbele ya wahadhiri. Kabla sijaondoka nilimuahidi kwamba dawa ikikubaliwa, bega lake litakuwa la kwanza. Akasema, “Haya, mwiitu,” yaani binti, kwa upole ambao leo nautambua kuwa ni ule wa mtu asiyengojea kitu.

Jumatatu iliyofuata nilifika kwa mchinjaji mapema kuliko kawaida. Nilimkuta ameinama kwenye pipa la maji yanayochemka. Mkononi alikuwa na sikio la nguruwe. Alilichovya, akalitoa, akalikwangua kwa wembe taratibu, nyuma na mbele, kama anayemnyoa bwana harusi.

“Hiyo ni ya nani?” nikauliza, ingawa nilijua.

“Ni yako, madam.” Alifurahi kuniona. “Zile za kwanza zilikuwa chafu, mimi niliona aibu. Mtu wa chuo hawezi kubeba kitu kama hiyo. Sasa nakuoshea.”

“Tangu lini?”

“Hii wiki ni ya tatu. Hukuona? Si ulinishukuru?”

Kweli, nilimshukuru. Nilikuwa nimeona masikio yamekuwa meupe na laini, nikadhani ameanza kuyanyoa, na nikamwambia ana kazi safi.

“Lakini nilikuambia maji ya moto yanaharibu.”

“Ulisema nisipike,” akajibu, kwa uhakika. “Na sijapika. Ni kuchovya tu.”

 Nililichukua sikio moja, nikalisugua kwa kidole gumba, na ngozi ya juu ikatoka kama utandu wa maziwa.

Nairobi nilisimama mbele ya meza ya msimamizi wangu na kumweleza yote. Ule mchoro ulikuwa mbele yake. Aliugeuza kifudifudi, kisha akauliza, “Nani mwingine anajua?”

“Mchinjaji.”

“Huyo hataandika makala.” Alivua miwani. Nilidhani ataniambia tunyamaze, na naona aibu kukiri kwamba kuna sehemu yangu iliyotamani aniambie hivyo. Badala yake akasema, “Rudia yote. Na safari hii simama hapo wakati anakata.”

Alienda kuwasilisha hata hivyo, kwa kuwa nafasi ilishatolewa. Alibadilisha kichwa cha mada tu: sasa alizungumzia namna ngozi iliyoandaliwa vibaya inavyoweza kumdanganya mtafiti. Wahadhiri walimpongeza kwa uangalifu wake. Mmoja alisema ni nadra kuona mtu akiweka mtego wa makusudi kama ule ili kuonyesha hatari. Msimamizi wangu alikohoa, akashukuru. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nikitazama viatu vyangu.

Nilirudia yote. Muhula mzima nilisimama kando ya mchinjaji nikiwa na saa na daftari, naye akikata masikio machafu huku amenuna, kwa sababu nilikuwa nimemnyima nafasi ya kuwa nadhifu. Dawa ilipita kidogo, zaidi kidogo tu ya marhamu ya kawaida inayouzwa dukani. Niliandika hivyo, nikapewa shahada, na mtahini wa nje akasema tasnifu yangu ina unyenyekevu.

Nilipomweleza baba kwamba hakutakuwa na dawa ya bega, hakushangaa. Alikuwa ameshapunguza kazi. Twiga wakubwa alikuwa amewaachia wenzake, yeye akabaki na vijiko vya kuchanganyia saladi, ambavyo watalii walivipenda na ambavyo havikuhitaji bega.

“Na ile nguruwe,” akaniuliza, “nyama yake ilienda wapi?”

Nikamwambia sijui. Miaka miwili ya utafiti, na hilo sikuwahi kuuliza.